Si Asidi ya Betri: Chakula cha Kuku na Afya ya Mlaji Kisiwani Mafia

Neno asidi lina jina baya mtaani. Kwa mkazi wa Kilindoni, kama kwa Mtanzania mwingine yeyote, asidi ni kile kimiminika cha betri ya gari kinachotoboa nguo na kuunguza ngozi. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mchanga akisoma, au akisomewa, kwamba mfuko wa chakula cha kuku uliovushwa kutoka Nyamisati umeongezwa asidi amino, si ajabu akayasukuma mayai pembeni na kumkorogea mwanawe uji mtupu. Hofu hiyo ina mantiki yake, ila imepotea njia, na gharama ya kupotea kwake hulipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

Mafia ni wilaya ya visiwa, yenye wakazi zaidi ya 60,000 kwa sensa ya mwaka 2022, na mgeni hudhani kwamba mahali palipozungukwa na bahari hapawezi kukosa kitoweo. Mwenyeji anajua kalenda nyingine. Kusi ikivuma kwa nguvu, ngalawa hulala ufukweni. Na samaki mzuri anapopatikana, barafu inamngoja na soko la Dar es Salaam linamwita. Yai halingoji upepo. Lina gramu 6 hivi za protini iliyo kamili, hukaa siku kadhaa bila jokofu, na mama halazimiki kununua kilo nzima ili mtoto apate chake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, linashauri mtoto apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, mayai yakiwamo. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, mhudumu wa afya anayemwambia mama aepuke mayai ya kuku wa kisasa "kwa sababu wamelishwa makemikali" anatoa ushauri mzito kuliko anavyodhani. Ushauri huo hauna msingi. Asidi amino zinazoongezwa katika chakula cha kuku ni chakula; ni salama kwa anayekula nyama na mayai yake, na zina faida ya kweli pale ambapo upungufu ni wa kweli. Yapo mambo katika banda la kuku yanayostahili kuogopwa, na yatatajwa hapa kwa majina, lakini hili si mojawapo.

Asidi amino ni vipande ambavyo kila protini imejengwa navyo, iwe ya dagaa, ya kunde au ya msuli wa mtu. Mwili wa binadamu mzima huweza kujitengenezea baadhi yake. 9 hauwezi, na lazima ziingie kwa mdomo. Kuku naye ana orodha yake, ndefu kidogo kuliko ya binadamu. Jinsi mwili unavyozitumia si vigumu kueleweka mahali panapoundwa mashua. Fundi mwenye mbao za kutosha mashua kumi lakini misumari ya mashua mbili atashusha majini mashua mbili tu. Kumwongezea mbao hakumsaidii kitu. Akiongezewa misumari kidogo, kazi inasonga. Hata hivyo fundi anaweza kuziweka mbao zake mpaka mwakani, na mwili hauwezi. Asidi amino zilizokosa mwenzao huchomwa kuwa nishati, na naitrojeni yake hutupwa nje, kwa binadamu ikiwa urea katika mkojo, kwa kuku ikiwa ile sehemu nyeupe ya kinyesi. Harufu kali ya amonia inayochoma macho ndani ya banda, kwa sehemu, ni protini iliyonunuliwa kwa fedha na kutupwa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1914 Wamarekani wawili, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa protini ya mahindi peke yake hawakukua, na kwamba walipoongezewa laisini na triptofani walikua. Laisini na methionini ndizo zinazopungua kwanza katika vyakula vingi vya kuku vinavyotokana na nafaka. Ndiyo maana majina hayo mawili ndiyo yanayoonekana mara nyingi zaidi kwenye karatasi iliyoshonwa mdomoni mwa mfuko.

Sasa itazamwe Mafia yenyewe. Kisiwa hiki kimefunikwa na minazi. Mashudu ya nazi ni chakula cha mifugo ambacho hakihitaji kuvuka maji. Upo muhogo. Wapo dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa, wakachemshwa na kuanikwa. Mfugaji mwenye akili hujiuliza kwa nini alipe nauli ya mfuko kutoka bara ilhali mali ghafi ziko nyumbani, na swali lake ni la haki. Jibu limo katika hesabu ndogo. Kuku wa mayai hula takribani gramu 100 kwa siku, na ndani ya gramu hizo anahitaji kiasi cha gramu 0.7 za laisini na gramu 0.3 za methionini. Gramu 100 za mahindi zina laisini ipatayo robo gramu. Mashudu ya nazi, ambayo protini yake ni asilimia 20 hivi na kwa hiyo huonekana tajiri, yana takribani nusu gramu. Maana yake ni kwamba hata kuku angelishwa mashudu matupu mpaka kibofu kikajaa, asingefikia haja yake. Na akichanganyiwa na unga wa muhogo, ambao karibu hauna protini, anazidi kurudi nyuma. Tena hiyo ni kwa mashudu mazuri. Yaliyoungua wakati wa kukamua, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, laisini yake imejifunga na sukari kwa joto na kuku hawezi kuitoa.

Muhogo una jambo jingine ambalo wahudumu wa afya wa Tanzania wanalijua kwa jina la konzo. Mwaka 1985 wilayani Tarime, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko Mtwara na Mbinga, watu walipooza miguu ghafla baada ya kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, katika kipindi ambacho hawakuwa na kitoweo. Mwili huiondoa sumu ya sayanidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo huipata hasa katika methionini na ndugu yake sisteini. Pasipo kitoweo hakuna salfa ya kutosha, na sumu hubaki kazini. Kuku hufuata kanuni ileile: akila muhogo mwingi, sehemu ya methionini yake hutumika kujisafisha kabla haijafika kwenye manyoya na mayai. Manyoya yanayochelewa, kuku wanaodonoana, mayai madogo: mara nyingi mfugaji huona dalili hizo na kukimbilia dukani kununua dawa, kumbe kilichopungua ni chakula.

Dagaa wangeweza kuziba pengo. Dagaa waliokaushwa vizuri ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na gramu 100 zake zina laisini ya gramu 4 au zaidi. Ila dagaa wa kuku aghalabu ni mabaki ya jamvi, yenye mchanga mwingi na chumvi inayoweza kuua vifaranga. Na dagaa walio safi wana mlaji mwingine. Hapa ndipo hoja ya lishe ya binadamu inapokutana na hoja ya mfugaji, na haipewi uzito unaostahili. Kilo 1 ya laisini ya dukani, ambayo robo tatu na ushei ya uzito wake ni laisini yenyewe, hubeba laisini ya karibu kilo 18 za dagaa wakavu. Haibebi madini ya chokaa wala vitamini B12 ya dagaa. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi yao yote bandani. Lakini kila sehemu inayoweza kuichukua ni dagaa waliobaki kwa ajili ya sufuria ya Jibondo au Baleni badala ya kwenda kwenye kihori. Kuwalisha kuku dagaa wazuri ili mtoto aje ale yai, wakati mtoto angeweza kula dagaa na yai pia, ni hesabu mbaya.

Watu wa kisiwani, ambao wengi wao ni Waislamu, huuliza pia unga huo umetoka wapi, na hawapaswi kujibiwa kwa kejeli. Laisini hutengenezwa kwa kuchachusha sukari au wanga kwa msaada wa bakteria aliyegunduliwa Japani katika miaka ya 1950, aitwaye Corynebacterium glutamicum. Threonini na triptofani hutengenezwa kwa njia kama hiyo, na bakteria wa namna nyingine. Methionini ya kawaida hutengenezwa kiwandani kwa kemia, bila mnyama yeyote kuhusika. Hukumu ya dini ni ya masheikh. Mtaalamu wa afya anaweza tu kuwapa habari iliyo kamili ili wahukumu kwa haki.

Je, vipi kwa mlaji? Mgonjwa wa figo, wa kisukari au wa shinikizo la damu anapouliza kama kuku wa namna hii atamdhuru, jibu linapatikana katika jinsi kuku anavyojenga yai. Umbo la protini ya yai limeandikwa katika vinasaba vya kuku. Laisini iliyotoka kiwandani na laisini iliyotoka kwa dagaa zikishavuka utumbo wa ndege hakuna chombo kinachoweza kuzitofautisha; ama zinaingia katika protini ileile, ama zinachomwa. Hazirundikani nyamani zikamsubiri mlaji. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ambayo haina sifa ya kuridhika haraka, imezipitia nyongeza hizi mara nyingi, zao moja baada ya jingine, na imekuwa ikihitimisha kwamba mlaji hana cha kuhofia kwa laisini na methionini zilizotengenezwa kwa viwango. Mgonjwa wa figo aliyeelekezwa apunguze protini ataipunguza protini yote, ya kuku wa kienyeji kama ya kuku wa kisasa, kwa kiasi alichopangiwa na daktari wake. Mwenye mzio wa yai anao kwa kila yai.

Na homoni? Uvumi huu hauishi, na chanzo chake kinaeleweka, maana kuku anayefikia kilo mbili kwa wiki tano au sita haonekani kama kiumbe wa kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walilijibu jambo hili vizuri katika kazi waliyoichapisha mwaka 2014. Walichukua koo tatu za kuku wa nyama, mbili zilizohifadhiwa bila kuboreshwa tangu mwaka 1957 na 1978, na moja ya mwaka 2005, wakazilea pamoja kwa chakula kilekile. Katika siku ya 56 kuku wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Tofauti hiyo ni kazi ya uchaguzi wa mbegu, kizazi hadi kizazi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ikichanganywa katika pumba ingemeng'enywa kama kunde.

Mwenye mashaka anayo hoja moja yenye nguvu, na haifai kuikwepa. Mwaka 1989 nchini Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua maumivu makali ya misuli na ongezeko kubwa la aina moja ya chembe nyeupe za damu. Zaidi ya 30 walifariki. Walikuwa wamemeza vidonge vya triptofani, asidi amino, na uchunguzi uliwafikisha kwenye zao la kiwanda kimoja cha Japani kilichokuwa kimebadili namna ya kulitengeneza na kulisafisha. Vile vidonge vilikuwa vya watu, si vya kuku, lakini funzo lake linahusu mfuko pia: kinachodhuru huweza kuwa taka iliyosafiri pamoja na asidi amino. Mwaka 2007 wanyama wa nyumbani wa Marekani walikufa kwa figo baada ya kula chakula kilichotiwa melamini, na mwaka uliofuata watoto wapatao 300,000 wa China waliathiriwa na maziwa yaliyotiwa kitu hichohicho, 6 kati yao wakafa. Melamini haina protini hata chembe. Ina naitrojeni nyingi, na kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni tu. Tapeli alikijua kipimo kuliko mnunuzi. Kwa sababu hiyo, anayesema "asidi amino ni salama" anapaswa kumalizia sentensi: ni salama ikiwa kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa nje. Sheria ya mwaka 2010 inayohusu nyanda za malisho na vyakula vya mifugo inatoa msingi wa kusajili wazalishaji na kukagua vyakula hivyo. Tatizo la kisiwa ni kwamba sheria husafiri polepole kuliko mifuko, na hasa mifuko iliyofunguliwa, ikagawanywa kwa kopo na kuuzwa bila karatasi yake.

Kwa hiyo hofu ihamishiwe panapostahili, na kituo cha kwanza ni antibiotiki. Wafugaji wengi hawatofautishi kijipaketi cha vitamini, cha asidi amino na cha oksitetrasaiklini. Vyote ni unga, vyote vina picha ya kuku, vyote huitwa dawa. Lakini kimoja tu kati ya hivyo huacha mabaki yanayomhusu mlaji na kuwafundisha bakteria usugu ambao baadaye unamkuta mgonjwa wodini. Utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta mabaki ya antibiotiki katika mayai ya wafugaji wadogo. Kila dawa ya namna hiyo ina muda wa kungoja kabla mayai au nyama havijaliwa. Ni siku ambazo mfugaji hupoteza fedha, na ndiyo sababu hazihesabiwi. Nchini Uganda mambo yalifika mbali zaidi: mwaka 2023 wabunge walielezwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kwamba dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa zikipewa nguruwe na kuku. Mhudumu wa afya wa Mafia anayetaka kumlinda mgonjwa wake aache kuuliza kama kuku alipewa asidi amino. Aulize kama alitibiwa, lini, na mayai ya siku zile yalikwenda wapi. Swali hilo anaweza kuanza kujiuliza mwenyewe, maana si wauguzi wachache wanaofuga kuku nyuma ya nyumba za watumishi.

Kituo cha pili ni ukungu. Mbata iliyoanikwa chini, ikanyeshewa, ikaanikwa tena, ni makao mazuri ya kuvu wanaotoa sumukuvu, na hewa ya kisiwa yenye unyevu huwasaidia. Watanzania hawahitaji kusimuliwa sumukuvu ni nini: mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua takribani watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuku huharibu ini na kuangusha utagaji. Kwa ng'ombe wa maziwa aliyelishwa mashudu yaliyovunda, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa. Hakuna kiasi cha laisini kinachoiponya. Kinyume chake, mfugaji anayeona kuku wamedhoofu na kuongeza premiksi juu ya mashudu yenye ukungu ananunua muda wa kuendelea kuwalisha sumu.

Ipo pia mipaka ya manufaa, na muuzaji hataitaja. Kuku wa kienyeji anayeshinda akichakura chini ya minazi, akila mchwa, mende na makombo, hujipangia mlo mzuri kuliko wa mtaalamu. Fedha ya laisini juu yake ni hasara. Adui yake ni mdondo. Chanjo ya I-2, inayodondoshewa jichoni na inayostahimili joto kuliko chanjo za zamani, humfaa kuliko kirutubisho chochote, na kwa vijiji visivyo na jokofu sifa hiyo si ndogo. Ng'ombe na mbuzi nao hawafaidiki na unga wa kawaida wa asidi amino: vijidudu vya tumboni mwao huuvunjavunja kabla haujafika utumboni, labda uwe umetengenezwa kwa kufunikwa maalumu. Na kwa kuku wa mayai na wa nyama, ambao ndio wanaostahili, kuzidisha si ukarimu. Methionini ndiyo inayoleta madhara makubwa ikizidi. Kuku huacha kula na kukua. Laisini ikizidi sana huongeza haja ya arginini. Hapa mashudu ya nazi yana neema yake ndogo, kwa kuwa arginini wanayo tele.

Vipimo vinavyohusika ni vidogo mno kwa koleo. Kwa kawaida huongezwa kilo 1 hadi 3 katika tani nzima ya chakula, yaani gramu 100 hadi 300 katika kilo 100. Anayezitupa gramu hizo juu ya lundo na kugeuza mara tatu atawapa kuku watano wa kwanza sehemu ya hamsini. Huchanganywa kwanza na kilo moja ya unga, kilo hiyo na kumi nyingine, na kumi na moja hizo na lundo lote, kwa subira. Si busara kuziweka katika maji ya kunywa wakati zimo pia katika chakula. Wataalamu wa Ulaya waliozipitisha ndio haohao wanaotahadharisha kuhusu kuvuruga uwiano na kuhusu usafi wa maji. Anayechanganya afunge barakoa na asifanyie kazi hiyo jikoni, kwani vumbi la baadhi ya bidhaa hizi huchokoza macho na mapafu. Mtu mwenye pumu akabidhi kazi hiyo kwa mwingine. Ndiyo hatari pekee kwa binadamu ambayo ni ya asidi amino zenyewe, na inamhusu mfugaji kuliko mlaji.

Lililobaki ni kupima. Maabara Kuu ya Veterinari iko Temeke, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Pote ni ng'ambo, lakini sampuli ya nusu kilo husafiri kwa kivuko kilekile kilicholeta mfuko. Mfugaji mmoja hawezi kuilipia. Kumi wanaonunua duka moja wanaweza, ofisi ya mifugo ya wilaya ikiwaandikia barua na hospitali ya wilaya ikisema wazi inataka kujua nini: sumukuvu katika mashudu ya kisiwani kwanza, kabla ya masika, mabaki ya antibiotiki katika mayai yanayouzwa sokoni Kilindoni, kisha laisini, ijulikane kama imo kwa kiasi kilichoandikwa au mfugaji ameuziwa chokaa. Wakati majibu yanangojwa, mtoto wa miezi saba apewe yai lake, limeiva sawasawa.